Daftari, kundi, programu au mafaili: uchimbue siri za gemu kwa njia ipi?

Jumapili moja pale Kirumba, Mwanza, kwenye kibanda cha mama anayechaji simu na kuuza dagaa wa kupima, tulibishana watu wanne mpaka chai ikapoa. Dogo mmoja aliapa kwamba adui fulani kwenye gemu ya Kingdom of Loathing anadondosha kitu tulichokuwa tunakisaka mara moja katika kila mapambano manne. Kaka mwingine akakataa katakata: ni moja katika tano, tena pengine chini ya hapo, kwa sababu yeye alishampiga mara 10 na kutoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa na daftari. Mapambano 32, kitu kimedondoka mara 8. Robo kamili. Nikaliweka mezani nikijua ubishi umekwisha.

Ulikuwa haujaanza hata. Tangu siku hiyo tumejaribu njia zote nne ambazo wachezaji hutumia kufukua hesabu zilizofichwa, na kila njia ilitufaa mahali fulani na kutupotosha mahali pengine. Kama nawe umekwama hujui uanzie wapi, huu hapa ulinganisho wake.

Kwa asiyeijua, Kingdom of Loathing ni gemu ya safari na mapambano iliyofunguliwa mwaka 2003 na Zack Johnson, ambaye wachezaji wanamwita Jick. Ni maandishi matupu na vikatuni vya mistari, inachezwa kwenye kivinjari, na ndiyo maana mtu wa Igoma au Buhongwa anaweza kuicheza bando likiwa ukingoni. Kila siku unapewa zamu 40. Chakula na vinywaji vya ndani ya gemu huongeza zamu, na zisizotumika hubaki kama akiba hadi 200. Zamu mpya huingia saa 12:30 asubuhi kwa saa zetu, wakati ambao pale Mwaloni watu wameshaanza kushusha magunia.

Gemu hii haikuonyeshi hesabu zake. Uwezekano wa kitu kudondoka, adui yupi atokee, silaha inaongeza nini hasa, yote yanapigwa kwenye seva, yaani kompyuta za wenye gemu, na wewe unaletewa matokeo tu. Wachezaji wakongwe wana jina la kazi ya kuyatafuta. Kwa Kiswahili chetu tunaita kupiga beleshi, na kwa watu wanaoishi jirani na machimbo ya Geita jina hilo halihitaji maelezo.

Tunapima kwa vigezo gani

Kila njia nitaiuliza mambo manne yaleyale. Kwanza, inajibu maswali ya aina gani? Pili, inakula nini: zamu, bando, muda, vifaa? Tatu, inadanganya kwa namna gani? Nne, inamfaa nani?

Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu kila njia ina namna yake ya kudanganya, na ukiijua mapema unaweza kujikinga.

Kabla ya kuendelea, hesabu kidogo, kwa sababu bila hizo ulinganisho wote unakuwa maoni tu.

Chukua kitu kinachodondoka kwa asilimia 20. Ukipigana mara 10, uwezekano wa kukosa mara zote ni kama asilimia 11. Maana yake, katika kila watu tisa hivi, mmoja atapata mkosi huo bila gemu kuwa na hila yoyote. Kaka yetu wa mara 10 alikuwa na huzuni ya kweli, lakini hakuwa na ushahidi. Nami sikuwa nao. Mara 8 katika 32 ni robo, sawa, ila kwa sampuli ndogo kiasi hicho kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 40. Daftari langu lilikuwa linakubaliana na dogo, linakubaliana na kaka, na lingekubaliana hata na mpita njia.

Ukipigana mara 100 kwa kitu cha asilimia 20, jibu lako litayumba kama pointi 8 juu au chini. Mara 400, pointi 4. Ukitaka kuupunguza mtikisiko kwa nusu, lazima kazi iongezeke mara nne. Kutofautisha asilimia 20 na 25 kwa kuhesabu tu, kwa kiwango cha uhakika ambacho wanatakwimu wengi hukubali, kunahitaji mapambano kama 530. Ukitaka kulinganisha hali mbili, tuseme ukiwa na kofia fulani na ukiwa huna, unahitaji kama 1,100 kila upande.

Na hiyo ni idadi ya mapambano na adui huyohuyo. Eneo likiwa na maadui wanne wanaopokezana sawasawa, mapambano 530 yanakuwa zamu zaidi ya 2,000, yaani siku 53 za zamu 40 bila kufanya kitu kingine.

Njia ya kwanza: daftari lako peke yako

*Inajibu nini.* Maswali ya ndiyo au hapana, na tofauti kubwa. Je, jambo hili linaweza kutokea kabisa? Je, kiwango ni asilimia 10 au 60? Hapo mtu mmoja mwenye kalamu anatosha. Inajibu vizuri pia swali la kuwepo: ukijaribu mara 300 usikione kitu hata mara moja, unaweza kusema kwa utulivu kwamba kiwango chake hakizidi asilimia 1 hivi. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: gawa 3 kwa idadi ya majaribio.

Lakini daftari la mtu mmoja lina uwezo ambao wengi hawaujui, na sisi wenyewe tuliufikia tukiwa tumechoka. Kwenye Kingdom of Loathing, bonasi ya kudondosha vitu huzidisha kiwango cha msingi. Kitu cha asilimia 20 ukivaa bonasi ya asilimia 100 kinakuwa cha asilimia 40. Sasa tazama: kama dogo yuko sahihi na kiwango ni 25, basi mtu mwenye bonasi ya asilimia 300 anafikisha 100. Hatakosa hata mara moja. Kama kaka ndiye sahihi na kiwango ni 20, bonasi hiyohiyo inakifikisha 80 tu, na mara moja katika tano atakosa.

Kwa hiyo hatukuhitaji mapambano 530. Tulihitaji kukosa mara moja. Na kama tungepigana mara 14 bila kukosa, dai la asilimia 20 lingekuwa taabani: likiwa kweli, bahati kama hiyo hutokea kwa uwezekano wa chini ya asilimia 5. Kumi na nne! Nililiandika swali upya juu ya ukurasa mpya: "Kwa bonasi ya 300, je, kinaweza kukosekana?" Tukakusanya nguo na silaha za bonasi, nyingine tukanunua kwa wachezaji wenzetu sokoni ndani ya gemu, nikaanza kupigana huku wenzangu watatu wakichungulia simu moja. Pambano la sita, adui akafa, na kitu hakikudondoka. Dogo alinyamaza, kisha akasema, "Basi, nimekubali."

Angalia pia tulichokuwa hatujakithibitisha. Kukosa kule kuliua asilimia 25. Hakukuthibitisha 20. Kiwango kingeweza kuwa 15 au 22, na kaka aliyeanza kushangilia ilibidi tumkalishe.

*Inakula nini.* Zamu zako na uvumilivu wako. Bando ni kidogo. Vifaa ni kalamu. Mbinu ya bonasi inahitaji mavazi mazuri, jambo gumu kwa mgeni wa gemu.

*Inadanganya vipi.* Kwa kukuachia wewe uamue lini uache. Ukisimama siku takwimu zinapokuridhisha, umeshapindisha jibu, hata kama kila mstari wa daftari ni wa kweli. Mimi nilisimama kwenye 32 kwa sababu robo ilikuwa imekaa vizuri. Nakiri hivyo kwa sababu najua wengi wanafanya hivyohivyo. Andika idadi ya mapambano kabla ya la kwanza. Halafu kuna mtego wa bonasi yenyewe: vipo vitu ambavyo bonasi haivigusi, na ukivipima kwa mbinu niliyoeleza utapata jibu la uongo.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu tu, mwenye swali moja, na mwenye subira ya kulinoa swali hilo kabla ya kutumia zamu.

Njia ya pili: jedwali la kundi

*Inajibu nini.* Tofauti ndogo na mambo adimu. Watu watano wakitoa zamu 40 kila mmoja ni zamu 200 kwa siku. Siku 53 za mtu mmoja zinashuka hadi 11 hivi. Kundi pia linaweza kugawana hali: huyu avae hiki, yule asivae, wengine wacheze kwa tabaka tofauti la mhusika, na mwisho wa wiki mnalinganisha. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja.

*Inakula nini.* Zamu zinagawanyika, lakini uratibu unakula muda kuliko nilivyotarajia. Lazima mtu mmoja ashike jedwali, awakumbushe wengine, na akatae takwimu zisizo na maelezo. Kwetu kazi hiyo ilimwangukia dada anayesoma Nyegezi, naye alikuwa mkali kama mweka hazina wa kikoba. Asingekuwa mkali, tusingepata kitu.

*Inadanganya vipi.* Hapa nina mengi.

Wiki ya kwanza jedwali letu lilionyesha mchezaji mmoja anapata kitu karibu mara mbili ya wenzake. Tulianza kutafuta siri: labda tabaka lake, labda mnyama anayetembea naye. Mama mwenye kibanda, ambaye hajawahi kucheza gemu hata moja, alikuwa anatusikiliza huku akijaza daftari lake la madeni. Akauliza, "Wanangu, na zile siku alizokosa, ameziandika?" Hakuwa ameziandika. Alikuwa anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp pale tu anapopata. Hakuwa mwongo. Ndivyo watu walivyo: kupata ni habari, kukosa si habari. Jedwali la kundi linapooza kwa ugonjwa huu kuliko mwingine wowote, na dawa ni moja: kila zamu iandikwe, tupu na isiyo tupu.

Mama huyohuyo ndiye aliyetuuliza jambo la pili. Alisikia tunalinganisha takwimu za wiki mbili, akasema, "Na mbalamwezi mmeihesabu?" Kwake lilikuwa swali la kawaida kabisa. Kila mtu wa ziwani anajua dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo huwezi kulinganisha mavuno ya wiki ya giza na ya mwezi mpevu kisha ukamsifu mvuvi. Tulicheka kidogo, halafu tukatazamana. Kingdom of Loathing ina miezi miwili angani mwake, Ronald na Grimace, inayobadilika siku hadi siku, na mwanga wake hugusa baadhi ya mambo ndani ya gemu. Sisi tulikuwa tumechanganya siku zote kwenye safu moja. Jedwali likaongezewa safu ya mwezi asubuhi iliyofuata.

Mtego mwingine ni wa kuhesabu maadui wenyewe. Ukitaka kujua adui fulani hutokea mara ngapi katika eneo, utadhani kila zamu ni kete mpya. Siyo. Gemu hii hukumbuka matukio matano ya mwisho ya eneo na kupunguza uwezekano wa kuyarudia. Kwa hiyo zamu zinaathiriana, na mtu anayeingia eneo mara tatu tatu ataona picha tofauti na anayekaa humo zamu 40 mfululizo. Kundi likichanganya watu wa aina hizo mbili, wastani wake haumwelezi yeyote.

Mwisho, kundi huweza kukubaliana juu ya jambo lisilokuwepo. Kwa miaka mingi wachezaji wa Civilization, gemu ya mwaka 1991, walisimuliana kwamba Gandhi hugeuka mpenda mabomu ya nyuklia kwa sababu ya kosa la hesabu: ukali wake ukiwa 1, ukipunguzwa 2, unazunguka na kuwa 255. Maelezo yalikuwa matamu, yana tarakimu, yanaeleweka. Mwaka 2020 Sid Meier, mtengenezaji wake, alisema kosa hilo halikuwahi kuwepo. Maelfu waliisimulia, wala kusimuliwa kwingi hakukuifanya kuwa kipimo.

*Inamfaa nani.* Marafiki wanaoonana, wenye mtu mmoja wa kushika jedwali asiyeogopa kukataa mistari mibovu. Kundi la watu wasiofahamiana linaweza kufanikiwa pia, ila masharti ya kuandika yawe makali zaidi.

Njia ya tatu: programu inayorekodi

*Inajibu nini.* Yale yale ya daftari na kundi, kwa wingi zaidi na bila kusahau. Kwa Kingdom of Loathing ipo KoLmafia, programu huria ambayo wachezaji wenyewe wameijenga kwa miaka, na huandika kila zamu kwenye faili la kumbukumbu. Ugonjwa wa kuandika ushindi tu unatibika hapo hapo, kwa sababu mashine haifurahi wala haihuzuniki.

*Inakula nini.* Kompyuta, maana inaendeshwa kwa Java. Mwenye simu peke yake hana njia hapa. Umeme nao una neno lake.

*Inadanganya vipi.* Kwa utele. Ukiwa na kumbukumbu za miezi sita utashawishika kuzipekua ukitafuta chochote cha ajabu, na utakipata. Ukitazama mambo 20 yasiyo na uhusiano wowote kwa kipimo cha kukubali kosa la asilimia 5, kwa wastani moja litaonekana kama ugunduzi. Kumbukumbu za zamani zitumike kupata swali. Jibu litafutwe kwenye zamu mpya. Pia programu inarekodi kile ilichofundishwa kukiona. Sentensi ngeni ndani ya hadithi ya pambano, ambayo jicho la mtu lingeikamata, inaweza kupita bila kuguswa kwenye hesabu zako.

*Inamfaa nani.* Mwenye kompyuta anayecheza kila siku, na mwenye nidhamu ya kutopekua ovyo. Kwenye gemu nyingine soma masharti kwanza, kwani nyingi haziruhusu programu za nje, na akaunti inaweza kufungwa.

Njia ya nne: kufungua mafaili ya gemu

*Inajibu nini.* Pale hesabu inapopigwa ndani ya kifaa chako, njia hii inajibu karibu kila kitu, kwa usahihi ambao hakuna kundi litaufikia. Mfano ninaoupenda ni Pokémon za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 1996. Mashambulizi yaliyotangazwa kuwa na usahihi wa asilimia 100 yalikuwa yakikosa mara moja katika 256. Gemu ilikuwa inachagua namba kutoka 0 hadi 255 na kukubali shambulizi pale tu namba hiyo ikiwa ndogo kuliko 255, basi 255 yenyewe ikaachwa nje. Kwa daftari, ungehitaji mashambulizi kama 765 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuona kukosa kumoja tu, na ukikuona ungesema umekosea kuandika. Kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni mstari mmoja.

Vivyo hivyo Final Fantasy VI ya mwaka 1994 kwenye Super Nintendo: kipimo cha kukwepa mashambulizi ya kawaida kilionyeshwa kwenye skrini, watu wakatafuta mavazi ya kukiongeza, kumbe hakikuwa kinafanya kazi. Gemu ilikuwa inatumia kipimo cha kukwepa uchawi kwa mashambulizi yote. Na zipo gemu ambazo hata kufungua hakuhitajiki, kama NetHack, ambayo tangu ilipotoka mwaka 1987 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Lakini kwa Kingdom of Loathing njia hii haikupi kitu. Hesabu ziko kwenye seva. Simu yako ina picha na maandishi, ni kama kuvunja redio ukimtafuta mtangazaji.

*Inakula nini.* Zamu hakuna hata moja. Inakula ujuzi: kusoma msimbo, kutumia programu za kufungulia mafaili, na kompyuta yenye nafasi. Bando huliwa na upakuaji.

*Inadanganya vipi.* Kilichomo kwenye faili si lazima kitumike. Mafaili hubeba vitu vilivyoachwa njiani, silaha zisizopatikana, namba za toleo la zamani ambazo seva imeshazibadilisha. Mtu hutangaza "nimeona kwenye faili" na wengine wanapiga magoti, kumbe ameona mabaki.

Kuna na hatari za nje ya hesabu. Masharti ya gemu nyingi za mtandaoni yanakataza. Na ukipakua nakala "iliyofunguliwa" kutoka mahali usipopajua, unaweza kuingiza kirusi kwenye simu ileile yenye akaunti yako ya pesa. Jambo la tatu ni la moyo zaidi: ukishasoma faili umesoma mwisho wa hadithi. Siri haiwezi kurudishwa mahali pake.

*Inamfaa nani.* Mwenye ujuzi wa programu au anayetaka kuupata, kwa gemu za zamani au za mchezaji mmoja, au zilizo huria.

Zikikutana

Njia hizi hazigombani. Mwishoni mwa mwaka 2020 wasimamizi wa mashindano ya kumaliza gemu ya Minecraft kwa kasi walichunguza rekodi za mchezaji mmoja maarufu. Viwango halali vilijulikana kutoka ndani ya gemu: katika kubadilishana dhahabu, lulu moja muhimu hutoka mara 20 katika 423, karibu asilimia 4.7. Kisha wakahesabu kwenye video zake: mara 42 katika mabadilishano 262, yaani asilimia 16. Faili lilitoa matarajio, kuhesabu kukatoa yaliyotokea, na pengo kati ya hayo mawili ndilo lililozua kesi. Mwaka 2021 mwenyewe alikubali kwamba gemu yake ilikuwa imebadilishwa. Mafaili peke yake au hesabu peke yake visingefika hapo.

Kwa hali yako

Kama una simu tu na zamu zako 40, shika daftari, lakini tumia jioni ya kwanza kulinoa swali. Tafuta hali ambayo tukio moja litaua dai zima, kama sisi na bonasi ya 300. Ukiipata, zamu chache zitatosha. Usipoipata, na tofauti unayoitafuta ni ya pointi tano, usianze peke yako.

Kama mko watatu au zaidi mnaoaminiana, na swali ni la tofauti ndogo, nendeni na jedwali. Kubalianeni kabla ya zamu ya kwanza: idadi ya majaribio, safu za kujaza, na nani anakataa mistari. Ikiwa hakuna anayetaka kazi hiyo ya mwisho, kila mmoja abaki na daftari lake.

Kama una kompyuta na gemu inaruhusu, washa programu ya kurekodi leo hata kama huna swali. Swali likija mwezi ujao utakuwa na mahali pa kuanzia.

Kama gemu ni ya zamani, ya mchezaji mmoja, au msimbo wake uko wazi, na hujali kuijua siri yote kwa mkupuo, fungua mafaili. Kuhesabu mara 765 kwa mkono pale palipo na mstari wa kusomeka ni kujitesa. Kama gemu inapigia hesabu kwenye seva, weka kifungulio chini.

Na kama mdogo wako ndiye anayetaka kuchimba, na ana miaka kumi na kitu, mpe daftari hata kama nyumbani kuna kompyuta. Atajifunza asilimia kwa namna ambayo hatazisahau mtihani ukipita. Mkague kitu kimoja tu: kama mistari ya kukosa imo.

Sisi wa Kirumba tumehamia swali la miezi. Jedwali jipya lina safu saba, idadi imeshaandikwa juu, na mama ameomba aonyeshwe matokeo kabla ya mtu yeyote kuyatangaza.